Longhorn: Microsoft ilifanya vizuri kuivunja, lakini ilichelewa

Mwezi wa 10 mwaka 2003, katika muji wa Los Angeles, Marekani, kampuni ya Microsoft iliita maelfu ya watengenezaji wa programu na kuwagawia diski zenye Windows ambayo ilikuwa haijaisha. Jina lake la kazi lilikuwa Longhorn, toleo namba 4051. Ilikuwa na ukanda mrefu pembeni mwa skrini wenye saa ndani, ilikuwa nzito, na kadiri mtu alivyoendelea kuitumia ndivyo ilivyokula nguvu yote ya ordinatere. Mwezi wa 12 mwaka huohuo, diski zilizokopiwa za Longhorn zilikuwa tayari zinauzwa Malaysia kwa bei ya chini ya dolari mbili. Watu walinunua nyumba ambayo fundi alikuwa angali anatafuta pa kuweka mlango.

Windows ile, vile ilivyoonyeshwa Los Angeles, haikutoka hata siku moja. Wakubwa wa Microsoft waliivunja mwaka wa 2004 na kuanza upya. Mpaka leo kuna watu wanaoililia, wanaosema kampuni ilitupa kazi nzuri kuliko ile iliyouza kisha. Hawana haki. Kosa la Microsoft lilikuwa kungoja miaka mitatu mbele ya kuivunja, na mzigo wa kuchelewa huko ulibebwa na watu waliokuwa mbali sana na Los Angeles.

Kwanza Longhorn haikupangwa kuwa kitu kikubwa. Windows XP, iliyotoka tarehe 25 mwezi wa 10 mwaka 2001, iliitwa Whistler wakati wa kutengenezwa, na ile kubwa iliyotarajiwa kuifuata iliitwa Blackcomb. Hiyo ni milima miwili ya British Columbia, Kanada, ambako watu wanaenda kuteleza juu ya theluji. Longhorn ni jina la baa iliyoko hukohuko, pahali pa kupumzika kidogo. Ilikuwa hatua fupi kati ya milima miwili, na ilitazamiwa kutoka karibu mwaka wa 2003. Lakini kila kundi la watengenezaji lilileta mzigo wake, na baa ikageuka kuwa mlima wa tatu.

Mizigo mitatu ilikuwa mizito kuliko yote. Avalon ilikuwa namna mpya ya kuchora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini. Indigo ilikuwa namna mpya ya programu kuongea kati yao kupitia intaneti. Na WinFS, ndoto ya Bill Gates ya miaka mingi, ilitaka kubadilisha namna ordinatere inavyopanga vitu. Leo hii mtu akitafuta picha ya ndoa ya dada yake, anapaswa kukumbuka aliiweka wapi. WinFS ingemuruhusu aulize kwa jina la mtu, siku ao tukio, na mashine ijue barua gani, picha gani na namba gani ya simu vinamhusu mtu yuleyule. Wazo zuri kabisa. Lakini mambo hayo yote matatu yalijengwa kwa wakati mmoja, juu ya msingi wa zamani, na kila moja likitegemea lingine lililokuwa halijasimama.

Fundi yeyote wa Bukavu anajua kinachotokea mtu akiongeza etaje mbili juu ya nyumba iliyochimbiwa msingi wa etaje moja. Microsoft ilikuwa na maelfu ya watu walioandika sehemu zao kila mmoja kwa upande wake, na siku ya kuziunganisha, kitu kilichofanya kazi jana kilivunjika leo. Amitabh Srivastava, mmoja wa wahandisi wakubwa wa kampuni, aliagiza ichorwe ramani ya namna sehemu za Windows zinavyotegemeana. Ramani hiyo ilikuwa na urefu wa karibu metre mbili na nusu na upana wa zaidi ya metre tatu, na kufuatana na gazeti la Wall Street Journal, ilifanana na ramani ya reli ambazo mamia zinapitana ovyo. Gazeti hilohilo lilieleza mwaka wa 2005 namna Jim Allchin, aliyekuwa anaongoza kazi ya Windows, alivyoingia katika biro ya Gates mwezi wa 7 mwaka 2004 na kumuambia wazi kwamba kazi haitafanikiwa.

Hapo pana jambo la kusifu. Mtu aliyekuwa na madaraka makubwa, mbele ya tajiri wa kampuni, juu ya mradi ambao tajiri mwenyewe aliupenda, alikubali kwamba wameshindwa. Mwezi wa 8 mwaka 2004 kampuni ilitangaza kwamba WinFS haitakuwa ndani. Kazi ilianza upya juu ya msingi wa Windows Server 2003, uliokuwa umeisha kuonyesha nguvu yake, na sehemu yoyote ya programu ilipaswa kupita vipimo mbele ya kukubaliwa. Avalon na Indigo hazikupotea: zilitoka mwishoni mwa mwaka 2006, na hata wenye Windows XP waliweza kuzitumia. WinFS ndiyo iliyokufa, mwezi wa 6 mwaka huohuo.

Wanaoililia Longhorn wanapenda kuonyesha toleo 4074, la mwezi wa 5 mwaka 2004, lenye rangi nzuri na madirisha yanayovutia macho. Wasichosema ni kwamba matoleo yale yaliwekewa tarehe ya kufa. Ili kuyafungua leo, mtu anapaswa kurudisha saa ya ordinatere nyuma mpaka mwaka wa 2004. Kama kitu cha makumbusho, sawa. Kama chombo cha kazi, hapana.

Bei ya kuchelewa ndiyo isiyosemwa sana. Mwezi wa 8 mwaka 2003, kirusi cha Blaster kilivamia ordinatere za dunia nzima, na Microsoft ililazimika kuondoa watu kwenye Longhorn ili wakarabati XP. Vista, mtoto aliyezaliwa kisha fujo ile, ilifikia raiya wa kawaida tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka 2007, zaidi ya miaka mitano kisha XP. Na ilidai mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 kwa uchache, wakati XP iliridhika na 64. Mwenye mashine ya zamani alibaki na XP, kwa sababu hakuwa na feza za kununua nyingine. Tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2014 Microsoft iliacha kuitunza, na kirusi cha WannaCry kilipolipuka mwezi wa 5 mwaka 2017, kampuni ilirudi kwa haraka kutoa marekebisho ya XP ambayo ilikuwa imeizika miaka mitatu mbele.

Kuna ajabu ndogo ndani ya historia hii. Mwaka uleule wa 2004 ambao Longhorn ilivunjwa, Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili, pamoja na wataalamu wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilifanyika. Lakini katika sekretaria nyingi za Goma ao Bunia, mashine inaendelea kumuongelesha mteja kwa Kifaransa, na neno "kompyuta" lenyewe linasikika kama la wageni kwa mtu aliyezoea kusema ordinatere.

Sasa hadithi inarudi kwa sura nyingine. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Windows 10 imeachwa kutunzwa bure kwa watu wengi, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani ambazo zingali nzima. Pengo kama hilo ndilo linalowapa soko wauza flashi wenye "Windows mpya kabisa, haijatoka bado". Tangu mwaka wa 2014 Microsoft yenyewe inatoa matoleo ya majaribio kwa wanaojiandikisha, na hayo pia yana tarehe ya mwisho kama ndugu zao wa 2004. Haitoshi Microsoft kusema watu wanunue mashine mpya. Kampuni iliyokubali kufufua XP kwa siku moja mwaka wa 2017 inaweza kuendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa mashine ambazo yenyewe imezifungia mlango.

Mpaka hapo, mwenye sekretaria ao shule aliyewekewa Windows kwa flashi ana njia ya kuhakikisha: abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike winver, asome namba na tarehe ya mwisho kama ipo. Na kama kwenye kona ya chini upande wa kuume kuna maandishi ya Kiingereza yenye namba ndefu yasiyoondoka, amrudishie fundi flashi yake na adai feza zake.