Mfagizi anajua umeme wa ofisi unapotelea wapi

Jamani hebu tuulizane. Kwa nini mtu yule yule anayewagombeza watoto nyumbani kwa kuacha taa inawaka, akifika ofisini anaweka kiyoyozi kwenye 16 halafu anafungua dirisha apate hewa?

Jibu langu ni LUKU. Nyumbani yuniti zikikaribia kwisha mita inapiga kelele, na wa kutafuta hela ya kununua ni wewe. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba pasi ni mlaji. Ofisini mita iko nyuma ya jengo huko, na anayejua gharama ni mhasibu na bosi wake. Mfanyakazi haoni kitu, halafu anatumiwa waraka kuwa "wafanyakazi wote mnakumbushwa kutunza mazingira". Kuna ofisi moja hapa Dar (siitaji) waraka wa namna hiyo ulichapwa nakala kibao, moja kwa kila meza!

Wengine wataniambia siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, umeme si tatizo tena. Sawa. Ila bili bado inakuja, na zile chupa za maji za nusu lita zinazoachwa mezani kila kikao hazikutoka bwawani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019 tulitii, na mitaani tofauti inaonekana. Lakini amri ile ilifanya kazi kwa sababu mfuko ni kitu kimoja, unaonekana, na anayeukamata yupo. Upotevu wa ofisini umejificha katika vitu vidogo vidogo mia, na serikali haiwezi kuweka askari kwenye kila swichi.

Nani anavijua hivyo vitu vidogo? Niliwahi kupiga soga na mama mmoja anayefanya usafi kwenye jengo la ghorofa kadhaa. Bila kufikiri sana alinitajia bomba linalovuja, kompyuta zinazolala zinawaka kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, na idara inayotupa karatasi zilizochapwa upande mmoja tu. Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kumuuliza hayo. Akacheka. Ameajiriwa na kampuni ya usafi, kwa hiyo kwenye vikao vya ofisi ile yeye si mtu wao.

Na vikao tunavyo, tena vya siku nyingi. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ndio uliotuletea mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mfanyakazi awe na sauti katika uendeshaji wa kazi. Mpaka leo taasisi za umma zina mabaraza hayo, yanakaa, yanapitia bajeti. Sasa bajeti ina fungu la umeme, la maji, la karatasi, la mafuta ya magari. Kinachozuia wajumbe kuuliza kwa nini fungu hili limepanda ni nini? Mimi naona ni mazoea tu. Mazingira tumeyafanya kuwa jambo la Juni 5: fulana, mgeni rasmi, picha na mche. Agosti mche umekauka.

Wenzetu wa kampuni ya 3M kule Marekani walianza mwaka 1975 mpango wa kuzuia uchafuzi usitokee kabisa, badala ya kuusafisha baadaye. Mawazo yalitoka kwa wafanyakazi wenyewe, kwa hiari, na wazo lilitakiwa lipunguze uchafu na pia liokoe fedha. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Ni wafanyabiashara wale, waliona faida.

Ila hapa niwe mkali kidogo. Ukimwambia mfanyakazi "ongoza" bila kumpa muda, bila namba na bila mamlaka ya kubadili hata ratiba ya jenereta, umemwongezea mzigo tu. Atafanya wiki mbili, kisha ataitwa mnoko na wenzake na kurudi kwenye meza yake. Na swali ambalo mabosi hawalipendi: pesa ikiokolewa inakwenda wapi? Kama inaishia kwenye mafuta ya gari la mkubwa, msitegemee mtu ataamka kuzima kiyoyozi. Sehemu yake irudi kwa walioiokoa, hata kama ni chakula cha mchana tu.

Ningekuwa mimi, ningebandika matumizi ya umeme kwenye mlango wa chumba cha chai, ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, kwa shilingi. Kisha ningemwita yule mama wa usafi kwenye kikao, alipwe muda wake, na azungumze kabla ya mhandisi.