Punguza kilo, usipunguze uhai!

Leo tunazamia. Usinielewe vibaya, siyo kuzamia meli kwenda ng'ambo, wala kuzamia pati ya watu Jumamosi usiku. Nazungumzia kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni, ule mchezo ambao vijana wa mjini tulidhani ni wa Wazungu peke yao. Kumbe samaki wa Mafia hawachagui mgeni!

Shida inaanzia uwanja wa ndege. Ndege ndogo za kwenda Mafia au Pemba kwa kawaida zinakuruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini. Mtungi na risasi (za uzito bwana, siyo za bunduki) utavikuta huko huko. Lakini jaketi la kuelea, lile unalolijaza upepo likushike majini usizame wala usiibuke bila kupenda, la kawaida linafika kilo 4. Ukiongeza suti ya mpira, miwani na mapezi ya miguuni, nguo za kutokea jioni utavaa za nani?

Ndiyo maana kuna majaketi ya safari, yana kilo 2 hadi 3 na yanakunjika. Poa. Ila muulize muuzaji swali moja: hizo kilo zimetolewa wapi?

Kama wametoa ubao mgumu wa mgongoni, sponji nene na ringi za chuma, chukua. Utapungukiwa raha kidogo, basi. Lakini kama mkanda wa kufungia mtungi unateleza, au valvu ya kutolea upepo huifikii kirahisi, mrudishie mwenyewe. Ukishindwa kutoa upepo utapaa kama puto, na kupaa haraka huku umebana pumzi kunaweza kupasua mapafu. Hapo hakuna cha ujanja wa mjini.

Halafu soma lebo, angalia nguvu ya kunyanyua. Ikiandikwa kwa nyutoni, kila 10 ni kama kilo 1. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11 ukijaa una hewa ya zaidi ya kilo 2, na suti ikibanwa na maji kule chini inazidi kukulemea. Kwa bahari yetu ya vuguvugu na suti nyembamba, kilo 12 hivi kwa kawaida zinatosha. Kwenye maji ya baridi ya Cape Town, na suti nene, usilitegemee jaketi hilo.

Hapo hapo dukani lijaze mpaka likaze, uliache saa nzima. Likilegea, kimeo hicho! Bonyeza na kuachia kitufe cha kujazia. Kikinata, achana nalo hata kama bei ni ya kutupa.

Na kama unazamia mara mbili tu kwa mwaka, ya nini kumaliza mshiko? Kodi huko huko.

La mwisho: ukishazamia siku kadhaa, usipande ndege kabla ya masaa 18. Tumia muda huo kulisuuza jaketi kwa maji ya bomba, nje na ndani, kisha ulianike kivulini. Ukilikunja na maji tumboni, ule wepesi ulioulipia umeuacha dukani.

Haya, tukutane wiki ijayo, mkiwa wakavu!