Usinunue sifa za Safari, nunua gari!

Wiki hii tunayaacha kidogo mambo ya mapenzi na viwanja vya starehe, tunaingia gereji. Vaeni nguo za kuchafuka, maana tutalala chini ya gari.

Tuseme wewe ni kijana wa Litumbandyosi, kule Mbinga. Umekuja mjini kusaka maisha, Mungu kakujalia, vijisenti vimetulia. Washikaji zako wote wana Toyota zinazofanana kama mayai, zikiegeshwa pamoja mtu anatafuta lake kwa namba. Wewe unataka kitu ambacho kikikatiza mtaani hata bibi kizee anageuza shingo. Ndipo dalali anapokunong'oneza: "Bosi, kuna Datsun 240Z, ile ya Safari Rally. Milango miwili, injini ya kiume. Mwenyewe ana shida, wahi!"

Hapo hapo mate yanakujaa mdomoni. Tulia, mwana! Kabla hujatoa hata senti, elewa unauziwa nini.

Nissan walianza kuuza gari hili mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kiasi cha cc 2,400, na kabureta mbili. Sifa zake hazikupikwa na madalali. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari, mashindano yaliyokuwa yakikata vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Siku hiyo alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, mpaka mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla.

Kwa hiyo jina lipo, tena kubwa. Tatizo ni kwamba jina haliwashi gari asubuhi.

Kuna madalali watakaokuambia hili ndilo lenyewe, lile lililoshinda. Kwa taarifa yako, lile jekundu lenye boneti jeusi la mwaka 1971 liko kwao Japan, na Nissan wenyewe walilifufua mwaka 2013. Akikuambia liko Kariakoo chini ya turubai, mshukuru, muage, nenda zako ukanywe chai. Sifa ya mashindano inalipiwa pale tu yanapokuwepo makaratasi na picha za zamani zenye namba zinazolingana na za gari. Bila hivyo, hiyo ni hadithi, na hadithi husikilizwa bure.

Halafu kuna ugonjwa mwingine, wa muuzaji safari hii. Amesikia kwamba Januari 2020 huko Marekani 240Z moja ya mwaka 1971 ilipigwa mnada ikaenda kwa dola 310,000. Basi naye anataka ya kwake imjengee ghorofa! Lile la Marekani lilikuwa limetunzwa kama yai tangu lilipotoka kiwandani. La kwake kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma, na 240Z yenyewe kiti cha nyuma haina. Kama lina kiti cha nyuma, jiulize hiyo ni gari gani!

Sasa twende kazini. Bei ya haki ya gari kuukuu la aina hii inakaa sehemu tatu.

Ya kwanza ni bodi. Injini inafufuliwa, bodi iliyoliwa na kutu itakufilisi. Magari haya yanajulikana kwa kutu, tena sehemu zilezile. Inua kapeti utazame sakafu. Tazama chini ya betri, maana tindikali ikimwagika hapo bati linakwisha. Tazama juu ya matairi ya nyuma, pembeni chini ya milango, na ukingo wa mlango wa nyuma. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole. Ikishika, hapo pana bati. Ikidondoka, hapo pana fila iliyopakwa rangi. Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa miaka 30 Tanga au Dar limekula upepo wa chumvi kila siku. Lililokaa bara linaweza kuwa na vumbi hadi kwenye redio, lakini chini likawa zima. Vumbi linafutika, mshikaji, kutu haifutiki.

Ya pili ni injini. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta imeshapata moto, ujue kuna kitu kimefichwa, maana injini ya moto husitiri mengi. Iwake baridi mbele yako. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Mweupe mzito usiokwisha, maji yanaingia pasipotakiwa. Mweusi, kabureta zinamwaga petroli nyingi mno, na hapo angalau fundi mzuri anaweza kuzirekebisha. Usiende peke yako. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa dalali!

Ya tatu, na hapa ndipo vijana wengi wanalia, ni makaratasi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati lazima ifanane na ya kwenye kadi. Ya 240Z ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japan huanza na HS30. Ukikuta HLS30, gari lilizaliwa na usukani wa kushoto, na mtu alilihamisha. Injini ya asili imeandikwa L24. Ukiona L28, imebadilishwa. Hiyo siyo dhambi, inaweza hata kukimbia zaidi, lakini usilipie bei ya asili.

Usiidharau kadi halali. Ukitaka kuagiza lingine kutoka nje utakutana na ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na juu yake ule wa uzee wa gari. Kwa hiyo gari lililokwisha kulipiwa na kusajiliwa lina thamani ndani ya kadi yake. Na lisilo na kadi ni spea tu, hata liking'aa vipi. Lilipie kama spea.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, usije ukanishikia bango. Ukiona lililo zima kabisa lingeuzwa shilingi milioni 30, na hili kunyoosha bodi na rangi ni milioni 8, injini milioni 6, breki na matairi milioni 3, makaratasi milioni 1, jumla milioni 18. Zinabaki 12. Toa 2 za mambo ambayo fundi atayagundua ukishalipa, maana hayakosekani. Bei ya haki ni milioni 10. Mwenye gari akitaka 25, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini kuna upande wa pili ambao kijiweni hatuusemi. Je, wewe ukimpa milioni 2 kwa sababu dalali alikunong'oneza kwamba mzee ana mgonjwa?

Kijana wa Mbinga hapa hahitaji mwalimu. Anaijua magoma. Mkulima ana shida ya ada au hospitali, kahawa ingali mtini, anakuja mjanja na noti mkononi, anaichukua kwa bei ya kutupa. Mkulima akilia, mjanja anasema si tulikubaliana? Ndiyo, mlikubaliana, lakini mmoja alikuwa amekabwa koo. Kununua gari la mzee kwa robo ya thamani kwa kuwa hajui kilichomo uwanjani kwake ni magoma ya magurudumu manne. Haibadiliki jina kwa sababu umevaa miwani ya jua.

Fanya hivi. Andika hesabu yako kwenye karatasi, mkalie mzee, msalimie "shikamoo" kwanza, halafu msomee mstari kwa mstari: hapa pana kutu, hapa injini, hapa kadi. Akiona kila shilingi uliyoipunguza ina sababu, atapunguza bila kinyongo. Na wewe ukishindwa kueleza kwa nini umepunguza, basi hujanunua, umepora.

Ukilipata, liendeshe kwa adabu. Lami siku hizi inafika hadi Mbamba Bay, lakini njia za vijijini bado zina mawe na mitaro, na gari hili tumbo lake liko karibu na ardhi.

Haya, nawe mikono imeshajaa grisi. Kanawe. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!