Shavu la Pikachu
Mwaka 1999 Nintendo ilitoa Marekani toleo maalumu la kigemu cha mkononi cha Game Boy Color, la njano, lenye picha ya Pikachu, kiumbe wa katuni, kando ya kioo; taa nyekundu inayoonyesha gemu imewaka ndiyo shavu lake. Leo wakusanyaji wanalitaka likiwa ndani ya boksi, halijaguswa. Mimi naona huko ni kulidhulumu. Sisi tulikulia Temeke na vile vigemu vya kupanga matofali vya Kariakoo; kimoja kilizunguka mtaa mzima kwa zamu, na betri zikichoka tulizianika juani. Kioo kilijaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo tulimjua mwenyewe. Ukilikuta la njano, iwe Tandika au Kinondoni, tia betri mbili, mpe mtoto, shavu liwake.