Uhai Mfupi Si Kazi Bure

Wako wasemao kuwa kikundi cha vijana kisichodumu hakikufanya kitu. Kauli hiyo ni potofu, na ushahidi umo hata katika muziki wa panki, ambao wengi huuita kelele tupu. Mwaka 1979, mjini Washington, Marekani, vijana wanne, wote chini ya miaka 20, waliunda bendi ya The Teen Idles. Ilipovunjika mwishoni mwa 1980, akiba ya maonyesho yao ilikuwa kiasi cha dola 600. Hawakugawana. Waliitolea santuri ya nyimbo nane, Minor Disturbance, na kwa ajili yake ikaanzishwa kampuni ya Dischord. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono. Bendi haikutimiza miaka miwili. Kampuni imevuka miaka 40.

Ndugu walimu, anayengoja chama cha ushairi cha shule kikomae ndipo achapishe tungo zake, atangoja hata watunzi wamekwisha hitimu na madaftari yameliwa na mchwa. Wanafunzi hupita, kilichochapwa hubaki. Tuchapishe sasa, ijapokuwa kurasa nne.