MAMBO YA NYUMBANI: Safari ya Mombasa Huanza Mezani



Baba mmoja wa Nyankunde, mwalimu kwa kazi yake, alinijia na shauri. Kwa miaka mitatu yeye na mkewe wameweka akiba, franka kwa franka, ili watoto wapate kuiona bahari katika likizo kubwa. Mji waliouchagua ni Mombasa. Wana watoto wanne. Tena wanamlea binti wa marehemu ndugu yake, mwenye umri wa miaka 11. Akaniuliza, “Je, nikimwacha huyu kwa bibi yake achunge mbuzi, nitakuwa nimekosa? Fedha haitoshi.”

Swali hilo nitalijibu, lakini kwanza tuitazame safari yenyewe, maana nusu ya jibu imo katika hesabu.

Kabla ya neno lo lote, mume na mke wakae mezani pamoja. Chukueni bahasha mbili. Ya kwanza ni ya ada za shule, madaftari, dawa, na chakula cha mwezi wa Septemba. Ifungeni, wala asiifungue mtu kwa ajili ya starehe. Ya pili ndiyo ya safari. Igawanyeni: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na fungu la dharura. Fungu hili la mwisho wengi hulisahau, kisha mtoto akishikwa na homa ugenini, nauli ya kurudi huishia hospitalini. Wahenga walisema, “Haba na haba hujaza kibaba”. Lakini kibaba kikitoboka hakijai kamwe.

Jambo la pili ni karatasi. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1922? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2022 tu. Na tangu Septemba 2023 Kenya haidai viza kwa raia wa Kongo. Hata hivyo pasipoti ni lazima kwa kila mmoja, mdogo kwa mkubwa, nayo ina gharama kubwa na hukawia. Ianzeni kazi hiyo miezi mingi mbele. Pia kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Na kwa kanuni iliyowekwa mwaka 2016, sindano moja yatosha maisha yote. Mtoto asiye wa kumzaa achukuliwe na barua ya idhini ya walio na haki juu yake, iliyothibitishwa na serikali. Ulizeni ofisi ya uhamiaji Bunia. Kuuliza si ujinga.

Sasa njia. Wengi hutoka Bunia hadi Mahagi, wakavuka mpaka kwenye Goli, wakapita daraja la Nile penye Pakwach, hata Kampala. Kisha Busia au Malaba, hata Nairobi. Hapa sitawaficha neno. Barabara ya Bunia na Mahagi imekwisha kumwaga damu ya wasafiri wasio na hatia, nasi watu wa Ituri twajua maana yake. Basi, sikilizeni habari za njia hadi asubuhi ya kuondoka. Habari zikiwa mbaya, rudini nyumbani bila aibu. Nauli iliyopotea hupatikana tena, mtoto hapatikani.

Toka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Tangu mwaka 2017 iko reli mpya, nayo hutumia muda wa saa tano au sita. Nunueni tiketi mapema, maana siku za likizo nafasi hujaa. Tena angalieni saa zenu: Uganda na Kenya wako mbele yetu kwa saa moja, na tiketi huandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Ikiandikwa 8.00, ni saa mbili asubuhi. Asiyejua hayo huenda akafika stesheni na kuona moshi tu.

Mombasa mjini ni kisiwa. Msiende kwenye hoteli za watalii. Tafuteni chumba chenye jiko, mpatane bei kabla ya kufungua mizigo, kisha mnunue samaki na nazi sokoni Marikiti, mama apike na baba akune nazi. Mengi ya kutazama hayana malipo: pwani ya watu wote huko Bamburi, na kivuko cha Likoni, ambacho mtu wa miguu hupanda bure. Fort Jesus hulipiwa, lakini yafaa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mkiwa hapo waelezeni watoto kwamba lugha yetu ya Kiswahili ilifika Ituri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, iliyokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha ni njema, ingawa njia iliyoileta ilikuwa ya machozi. Katika Mji wa Kale vaeni kwa heshima, na watoto wawaamkie wazee, “Shikamoo.”

Bahari si Ziwa Albert. Mara mbili kila siku maji hujaa, na mara mbili hupwa. Yakipwa, watu hutembea mbali juu ya miamba wakiokota kombe. Kumbe maji hurudi nyuma yao kimya kimya. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji hupanda na kushuka kupita desturi. Katika Julai na Agosti huvuma kusi, nayo mawimbi huwa makali. Basi, muulizeni mvuvi kabla ya kuingia, na mtu mzima mmoja asimame akiwatazama watoto, simu ikiwa mfukoni.

Sasa nirudi kwa yule baba. Tulipiga hesabu pamoja na mkewe. Hoteli tukaifuta, tukaandika chumba chenye jiko. Siku kumi tukazifanya sita. Nauli ya binti ikapatikana. Kilichobaki ni pasipoti yake tu, nayo haikupatikana.

Nikamwambia, “Ndugu yangu, wenziwe wakirudi watasimulia mawimbi kwa miaka mingi. Kila wakisimulia, yeye atasikia neno moja tu: wewe si wa nyumba hii. Mbuzi wanaweza kuchungwa na jirani. Na bahari haihami.”

Baba alinyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu: “Tungoje mwaka mmoja, twende saba.”

Wameamua hivyo. Watoto walinung’unika siku mbili, kisha wakanyamaza. Sasa lipo kopo juu ya kabati, na kila mmoja hutia alichopata, hata yule binti, aliyeuza mayai ya kuku wake. Nanyi wazazi, kabla ya kuhesabu franka, hesabuni kwanza watu wa nyumba yenu, msimsahau hata mmoja.