VIFARANGA WANAKUFA BARIDI, STAA ANASINGIZIA MDONDO!

Dada mmoja mwenye jina kubwa mjini Singida kaposti vifaranga wake waliokufa, analia, eti mdondo. Wafuasi wakamwaga pole. Mdondo gani, wakati video yake mwenyewe inamuumbua?

Kwenye ile bruda aliyoitambia wiki iliyopita, kidude cha themostati cha kupima joto kimening'inizwa jirani kabisa na taa. Taa ikiwaka, kidude kinapata moto fasta, kinazima. Huku chini vifaranga wanatetemeka, wanarundikana, wanakufa kwa kukandamizana. Na baridi ya Singida mwezi wa saba, na ule upepo, nani haijui?

Kidude kinatakiwa kishushwe usawa wa mgongo wa kifaranga, mbali kidogo na taa, mbali na mlango. Wiki ya kwanza kisome nyuzi 32 mpaka 35, kisha kila wiki punguza kama nyuzi 3. Kazi ya dakika chache tu!

Halafu huyu huyu anawauzia vijana "kozi ya ufugaji", wengine mtaji wenyewe wa mkopo. Kuku ndo heshima ya Singida, wanaliwa mpaka Dar. Siyo wa kutafutia kiki. Dada, shusha kidude kwanza, ndo ufundishe.

Wadau mnasemaje?